Banda la uani nalo lataka karatasi: mwongozo kamili wa kujenga nyumba ya pili kwenye ploti yako Kenya, mjini na shamba

Swali naloulizwa zaidi ni hili, "nataka kutupa vyumba viwili tu huko nyuma ya nyumba, hio nayo yataka ruhusa?" Yataka. Uite SQ (servant quarter, kijumba cha mfanyakazi), uite banda la uani, uite nyumba ya mama, uite chumba cha mpangaji, mbele ya sheria ya Kenya hio ni nyumba kama nyumba ingine yoyote na hakuna mahali pameandikwa kuwa ikiwa ndogo unasamehewa.

Sisi tulijifunza kwa kubomoa. Kakangu ana ploti ya 50 kwa 100 mjini, nyumba ya mbele ilijengwa kitambo na karatasi zake zote ziko, sasa mama akawa miguu yamsumbua tukasema tumjengee vyumba viwili na choo hapo uani awe karibu na wajukuu. Fundi akatwambia hii ni kazi ndogo, hakuna haja ya michoro wala nini, tukamuamini manake ndo tulichotaka kusikia. Tukafika linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Siku hio wakaja maofisa wawili, wakapiga X nyekundu ukutani, wakatuachia notisi ya kusimamisha kazi. Tulipoenda kuuliza ndo tukaambiwa pia ukuta wa nyuma umekaa juu ya bomba la maji taka la mtaa mzima. Kuta mbili tukazibomoa wenyewe, mawe yaliyopona tukayapanga kando, na mama akangoja miezi mingine saba. Basi haya ninayoandika ndo mpangilio ambao ningefuata siku ile lau kuna mtu angeniambia.

Kwanza elewa sheria yenyewe

Sheria mama ni ile ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Kifungu cha 57 kinasema hakuna mtu kuendeleza ardhi ndani ya kaunti bila ruhusa ya kaunti. Ukishtakiwa na kupatikana na kosa ni faini isiyozidi shilingi 500,000 au jela isiyozidi miezi 2 au vyote viwili, na unaweza kuamriwa urudishe ardhi ilivyokuwa, yaani ubomoe kwa pesa zako. Alafu Katiba ya 2010 ilipeleka mambo ya mipango na nyumba kwa kaunti, ndo maana masharti ya Mombasa si ya Nairobi na ya Kilifi si ya Machakos. Usijenge kwa masharti ya shemeji yako wa kaunti ingine. Viwango vya ujenzi wenyewe vimo kwenye Kanuni ya Taifa ya Ujenzi ya 2024, iliyoanza kutumika Machi 2025 na kuondoa ile ya 1968, kwa hivyo fundi akikwambia "sisi tumezoea hivi miaka yote" jua hayo mazoea yana umri mkubwa kuliko sheria iliyopo.

Hatua ya 1: ardhi ni ya nani?

Hapa ndo naomba usiharakishe kabisa, hata kuchimba msingi usichimbe kabla hujamaliza hatua hii.

Fanya search ya hati, kwa Ardhisasa, mtandao wa serikali wa rekodi za ardhi, kama rekodi za eneo lako zimeingizwa huko, au nenda ofisi ya ardhi. Unatafuta jina lililopo kwenye rejista, ukubwa wa ardhi, na kama kuna mkopo wa benki au zuio lolote. Kama kuna mkopo, ongea na benki kwanza, manake ardhi hio ni dhamana yao na karatasi za mkopo mara nyingi zasema usibadilishe kitu bila kuwaambia.

Mjini, ukishajua hati ni lease, yaani ardhi umekodishiwa kwa miaka maalum, isome lease yenyewe mpaka mwisho, si ukurasa wa mbele tu. Lease nyingi za zamani zina sharti kuwa ploti ni ya nyumba moja ya kuishi pamoja na vijumba vyake vya kawaida vya uani, na kwamba majengo yote yasizidi nusu ya eneo la ploti. Maana yake SQ moja ya mfanyakazi au ya mzazi huwa haina shida kubwa, lakini ukitaka kutoa vyumba sita vya kupangisha hapo nyuma umeshabadilisha matumizi, na hapo utatakiwa kuomba kubadilisha matumizi kwanza, na tangazo gazetini na kibao kwenye ploti majirani wasome na wapinge wakitaka. Wale wa nyumba za kuzungushiwa ukuta mmoja na geti moja, nyie mna kazi ya ziada, kampuni inayosimamia mtaa lazima ikubali kwa maandishi, na nyingi hukataa.

Mombasa tuna jambo letu ambalo watu wa bara huwa hawaelewi, nyumba bila ardhi. Nyumba ni yako, umerithi kwa bibi, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine na kila mwezi au mwaka unalipa kodi ya kiwanja. Mtaa wa Majengo nyumba hizi zimejaa. Kama wewe ni wa hali hii, uani si wako hata kama umefagia miaka 40. Utahitaji idhini ya mwenye ardhi iliyoandikwa na kusainiwa, iseme wazi unajenga nini na wapi, la sivyo siku akifa wanawe watakuja na karatasi na wewe utakuwa na maneno. Na walioko Mji wa Kale, ule ni mji wa hifadhi, hata kubadilisha dirisha kunahusisha watu wa makumbusho ya taifa. Lamu vilevile, imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001.

Sasa shamba. Shamba watu husema hakuna sheria, na kwa kweli ruhusa ya kaunti yahitajika huko pia, lakini kinachoumiza watu wa shamba mara nyingi si kaunti, ni familia. Hati iko kwa jina la babu, babu alifariki 1987, watoto wa kiume kila mmoja amejenga upande wake wa boma, hakuna aliyeenda kortini. Wewe uko Doha au Riyadh unatuma pesa, nyumba inapanda, kila mtu anakupongeza. Na kwa sheria kilichojengwa juu ya ardhi huhesabiwa ni sehemu ya ardhi, na ardhi ni mali ya marehemu ambayo haijagawanywa. Kushika mali ya marehemu bila idhini ya korti ni kosa chini ya kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, na hata kama hakuna atakayekushtaki, siku ya kugawanya nyumba yako yaweza kuangukia fungu la mtu mwingine. Nimeona dada mmoja aliyefanya kazi Saudia miaka 6 akijenga kwa baba yake mdogo, sasa nyumba anaishi binamu.

Kwa hivyo anza na mirathi. Barua ya chifu inayotaja warithi wote, wanawake kwa wanaume, ombi kortini, tangazo kwenye Gazeti la Serikali ambalo hukaa siku 30, kisha unapewa usimamizi, na kwa kawaida baada ya miezi 6 unathibitishiwa na mgao unafanyika. Ni safari, naijua, lakini yaishia na kipande kilicho na jina lako. Mkiamua kukata ardhi ya kilimo vipande, lazima mpite kwa bodi ya ardhi ya eneo lenu mpate idhini, na kwenye mauziano ombi hilo lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mapatano, likipitwa mapatano yanakuwa bure. Kama mzee yu hai na hati ni yake, afadhali zaidi, mkae chini na mama na ndugu wote, akubali kwa maandishi mbele ya wakili wapi unajenga. Si kukosa heshima kumuomba mzazi karatasi. Ni kuwalinda ndugu wasije wakachukiana.

Hatua ya 2: pima nafasi iliyobaki, si nafasi unayoiona

Nenda ofisi ya mipango ya kaunti uliza mambo manne: eneo langu ni la matumizi gani, majengo yaruhusiwa kufunika asilimia ngapi ya ploti, niache futi ngapi mbele, pembeni na nyuma, na ghorofa ngapi zaruhusiwa. Wakujibu kwa maandishi kama wanaweza.

Tuchukue mfano, nambari za sharti weka zako. Ploti ya 50 kwa 100 ni futi 5,000 za mraba. Tuseme waruhusiwa kufunika nusu, yaani 2,500. Nyumba ya mbele imechukua 1,700, basi umebaki na 800, unafurahi. Ngoja. Nyumba ya mbele imeachwa futi 20 kutoka barabarani na ina kina cha futi 45, zimebaki futi 35 nyuma. Toa 10 za kupumua kati ya nyumba mbili, toa 10 za mpaka wa nyuma, kimebaki kipande cha futi 15. Upana toa 5 kila upande, zimebaki 40. 15 kwa 40 ni 600, si 800 tena. Na tangi la maji taka bado hatujaliweka, na gari lapita wapi? Vyumba viwili vya 12 kwa 12, choo na jikoni ndogo huingia hapo, lakini chumba cha tatu usidanganywe.

Umwite saveya akuoneshe bikoni zako, zile alama za mpaka. Ua la michongoma si mpaka. Kabla ya kulipa mtu yeyote angalia pia hizi: bomba la maji taka na mainholi zake, waya za stima zinazopita juu, akiba ya barabara (ardhi iliyotengewa barabara), na mto au mkondo wa maji. Kando ya mto kuna ukanda wa mita 6 hadi 30 usiojengwa kulingana na upana wa mto, na hili si la kuchezea, 2018 Nairobi zilibomolewa hata maduka makubwa ya ghorofa yaliyokaa kwenye mito, na mafuriko ya 2024 yalipokuja serikali ikaamuru watu waondoke ndani ya zile mita 30. Kama maduka yale yenye mawakili yalianguka, banda lako la uani litasimama na nini?

Hatua ya 3: maji taka, hapa ndo pana uhai wa watu

Kila kichwa unachoongeza kwenye ploti kinaongeza maji machafu, na shimo la zamani lilichimbwa kwa familia moja. Kama kuna mfereji wa maji taka mtaani, omba kuunganishwa rasmi kwa kampuni ya maji, usitoboe mwenyewe usiku. Kama hakuna, unahitaji tangi la septiki lenye ukubwa wa watu wa nyumba zote mbili, lenye vyumba viwili ndani, cha kwanza kikubwa kama mara mbili ya cha pili, alafu shimo la kufyonza maji, au siku hizi bayodaijesta ambayo yachukua nafasi ndogo.

Sasa sikiliza hesabu hii. Umbali unaopendekezwa kati ya shimo la choo na kisima ni mita 30. Ploti ya 50 kwa 100 ina mita kama 15 kwa 30. Yaani hata ukiweka kisima huku na septiki kule mwisho kabisa, ndo umegusa tu, na jirani yako wa nyuma naye ana shimo lake ukutani kwako. Pwani mambo ni mabaya zaidi manake mwamba wetu wa matumbawe una matundu matundu, maji yapita upesi bila kuchujwa, na visima vingi havina kina. Ndo kipindupindu chetu hicho kila mvua ikizidi. Ukiwa na kisima kwenye ploti ndogo usikinywe, tumia kufulia na choo, na septiki iwe imejengwa isiyovuja. Nakusihi kabisa, hapa usipunguze gharama, punguza vigae.

Shamba nafasi ipo kwa hivyo huna sababu. Weka choo upande wa chini wa mteremko na kisima upande wa juu, na kabla ya kuchimba angalia visima vya majirani pia. Afisa wa afya ya umma wa wadi ataangalia haya, mwite mapema, wengi wao ni wasaidizi wazuri kuliko tunavyowadhania.

Hatua ya 4: michoro

Michoro ya nyumba ichorwe na akitekti aliyesajiliwa, na ile ya nondo na zege isainiwe na injinia aliyesajiliwa. Wote wawili muombe nambari ya usajili na uikague kwa bodi yake, kuna watu wanaazima mihuri. Ukiwa na mpango wa kuja kupandisha ghorofa baadaye, sema sasa hivi, msingi wa nyumba ya chini haubebi ghorofa kwa dua. Mnakumbuka Huruma, Aprili 2016, jengo la ghorofa kando ya mto lililoanguka na kuua karibu watu 50. Yale yalikuwa ni makubwa, lakini ukuta wa chumba kimoja pia huua mtoto.

Kwenye mchoro wa ploti, onesha nyumba ya zamani pia, septiki, mainholi, geti na pa gari. Nyumba ya mbele kama haina ruhusa, itajulikana hapa, afadhali uiombee pamoja.

Hatua ya 5: peleka maombi

Kaunti nyingi siku hizi zapokea kwa mtandao na akitekti au mpangaji wako ndo anayepandisha. Vitu vya kawaida ni nakala ya hati na search ya karibuni, kitambulisho na PIN ya KRA (mamlaka ya mapato), risiti za rates (ada ya ardhi ya kaunti), na kama ni lease risiti za land rent (kodi ya ardhi ya serikali), michoro yote, na ada ambayo hukokotolewa kwa ukubwa wa jengo. Lipa kwa njia rasmi na utunze risiti. Mtu akikwambia mpe yeye mkononi atakusaidia, huyo hakusaidii.

Kuanzia siku ulipopeleka, sheria inaipa kaunti siku 60. Zikiisha hujajibiwa kwa maandishi, kifungu cha 58 kinasema ruhusa yahesabika imetolewa. Lakini mimi nisingechimba msingi kwa kutegemea ukimya pekee, ningeandika barua kukumbusha, nipigiwe muhuri wa kupokelewa, niwe na ushahidi wa tarehe. Wakikataa lazima wakupe sababu, na una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya maridhiano ya mipango, nayo ina siku 14 za kuamua, ukishindwa hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mara nyingi sababu ni ndogo, umbali wa mpaka au septiki, rekebisha mchoro urudishe, ni nafuu kuliko wakili.

Ukipewa ruhusa isome masharti yake na tarehe ya mwisho iliyoandikwa, kuna watu wanakaa nayo kabatini mpaka yafa.

Hatua ya 6: NCA na wengine

Ruhusa ya kaunti peke yake haitoshi, mradi wasajiliwa pia na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, kabla ya kuanza, ukitumia michoro iliyopitishwa na jina la mkandarasi aliyesajiliwa. Ile tozo ya asilimia 0.5 iliondolewa kitambo, kwa hivyo anayekuitisha leo anakula. NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa kijumba kimoja cha uani huwa si mzigo, lakini ukijenga vyumba vingi vya kupangisha au uko karibu na mto au ufuo, uliza kabla.

Hatua ya 7: kujenga

Weka kibao cha mradi mbele. Weka nakala ya ruhusa na michoro pale sait, ndani ya nailoni, fundi aisome na afisa akija aione. Mwite mkaguzi kabla ya kumwaga zege la msingi, kabla ya kufukia mabomba, na kabla ya kumwaga slabu, manake kilichofukiwa hakikaguliki. Mkataba na fundi uandikwe hata kama ni mjomba wako, kazi gani, kwa hatua gani, pesa ngapi kila hatua. Usilipe hatua ambayo haijaisha. Nyie mlioko nje ya nchi, msimamizi awe mtu anayetuma picha yenye vipimo, futi kamba ionekane, na mkimpa mtu mamlaka ya kusaini kwa niaba yenu iwe karatasi ya wakili iliyosajiliwa.

Stima ifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Ukitaka mpangaji awe na mita yake ya tokeni, ombea kabla ya kupiga plasta, si baada.

Hatua ya 8: kuingia, na kupangisha

Nyumba ikiisha omba cheti cha kukaa, kaunti waje wahakikishe kilichojengwa ndicho kilichochorwa. Wengi hawaombi. Watakuja kukitafuta siku ya kuuza au kuchukua mkopo, na wakati huo akitekti amehama na risiti zimeliwa na mchwa.

Ukipangisha, pesa za wapangaji unazopokea kwa jumla kwa nyumba zako za kuishi zikiwa kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, kuna ushuru wa KRA wa asilimia 7.5 ya pesa zote ulizopokea bila kutoa gharama, tangu Januari 2024, zamani ilikuwa 10. Ushuru huo walipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. SQ moja ya shilingi 8,000 ni 96,000 kwa mwaka, uko chini ya mstari. Ukiwa na tatu za 8,000 ni 288,000 kamili, hapo umeugusa. Mwandikie mpangaji mkataba hata wa ukurasa mmoja, utaje maji, stima na geti lafungwa saa ngapi, manake mnatumia uani mmoja na ugomvi wa uani huanza na ndoo.

Mama yetu yuko kwake sasa, vyumba viwili, choo ndani, mlango mpana wa kupita na kigari akikihitaji. Lile bomba la mtaa lapita futi 7 nyuma ya ukuta wake, na juu yake hatukupanda hata mpapai, mizizi huingia bombani.